Mguu wa Meneja

Juzi nilimpeleka mwanangu kuchanjwa. Muuguzi alipofungua chupa ya spiriti, upepo ukaleta kutoka nje moshi wa vifuu vya nazi vilivyokuwa vikiwaka kwenye jiko la mama mmoja anayeuza supu. Harufu hizo mbili zikikutana puani mwangu sina ujanja: narudi uani kwetu Rasbura, pale Lindi, nina miaka kumi, mlango wetu wa jikoni umeng'olewa kwenye bawaba na kulazwa juu ya kreti nne za soda, na juu ya mlango huo amelala mbwa. Muuguzi aliniuliza mbona nacheka ilhali mtoto analia. Sikuweza kumweleza, foleni ilikuwa ndefu. Ninyi nitawaeleza.

Mbwa huyo aliitwa Meneja. Baba yangu alikuwa mpima uzito kwenye ghala la korosho, na jina hilo lilitolewa na wapagazi wa hapo ghalani, kwa sababu tangu akiwa mdogo mbwa yule alikuwa akizunguka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, anasimama, anamtazama mtu anavyohangaika na gunia, anapiga miayo, anaenda kwa mwingine. Alitakiwa awe mlinzi. Lakini kila mgeni aliyeingia getini alipokewa kwa mkia, wakiwemo wale ambao hawakupaswa kuingia, na mwishowe wakubwa wa ghala wakasema aondolewe. Baba akamleta nyumbani. Alituambia ni kwa muda tu, anamtafutia mtu wa kumchukua. Kufikia wakati ninaousimulia, muda huo ulikuwa umefika miaka sita.

Baba alishikilia kwamba hampendi mbwa yule ila anamvumilia. Aliyasema hayo huku akimchambulia samaki asije akakwamwa na mwiba.

Asubuhi, baada ya kukagua uani kwetu, Meneja alivuka barabara kwenda kulala kwenye ngazi ya duka la Mzee Gulamu. Mzee huyu alikuwa Mhindi, Mwislamu, mzaliwa wa Lindi na mtoto wa mzaliwa wa Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wetu wa darasa. Kwa ajili ya udhu wake hakutaka kuguswa na mbwa, lakini pia hakuwa mtu wa kumrushia kiumbe jiwe. Kwa hiyo walielewana kwa maneno. "Meneja, sogea kidogo mteja apite," alikuwa akisema kutoka nyuma ya kaunta, na Meneja akisogea, si sana, kiasi cha mteja mwembamba.

Msimu wa korosho ulipoanza, Meneja akaanza kuchechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Tulidhani ni mwiba. Mama, ambaye alikuwa nesi wa zahanati na aliyekuwa akitukumbusha kila mara kwamba yeye ni nesi wa watu, aliukagua mguu akakuta hakuna mwiba, ila juu ya goti palikuwa na uvimbe mgumu kama limau. Baada ya wiki tatu ulikuwa chungwa. Mama akaacha kusema yeye ni nesi wa watu, akatuma habari kwa bwana mifugo.

Bwana Chilumba alifika kwa pikipiki iliyopiga kelele kuliko mwendo wake. Alikuwa mpole, mwenye miwani, na alizoea mbuzi, ng'ombe na kuku. Kuhusu mbwa alikiri mwenyewe kwamba aliwasoma chuoni, na tangu hapo kazi yake nao ilikuwa kuwachanja kichaa na kuondoka upesi. Aliuminya ule uvimbe kwa vidole viwili huku Meneja akimlamba sikio. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hapo nikajua kuna jambo.

Alisema ugonjwa uko ndani ya mfupa na si wa kuondoka kwa vidonge. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuukata mguu wote, na hata hivyo hakuna ajuaye kama ugonjwa hautarudi mahali pengine. Ya pili, kumchoma sindano ya kumpumzisha, alale asiamke. Ya tatu, kumwacha na vidonge vya maumivu mpaka siku yake ifike yenyewe. "Mwenye mbwa ni wewe, mzee," akamwambia Baba. "Mimi nitafanya utakalosema."

Baba alikuwa katibu wa kamati ya wazazi shuleni kwetu, na jambo lolote zito aliliitia kikao. Jioni ile alitukalisha uani. Tatizo la vikao vya nyumbani kwetu lilikuwa Bibi. Huyu alikuwa mama yake Mama, aliyekuja kutoka Mtama kutusalimia kwa wiki mbili, na sasa alikuwa anaingia mwaka wa pili. Kwa mila za kwao Umakonde, mkwe mwanamume na mama mkwe hawakai pamoja wala hawasemezani ovyo. Kwa hiyo Bibi alishiriki akiwa jikoni, nyuma ya mlango, na mimi nikiwa njia ya mawasiliano.

"Mwambie baba yako," alisema Bibi, kwa sauti iliyosikika mpaka dukani kwa Mzee Gulamu, "mbwa huyu na miguu minne hana kazi anayofanya. Na mitatu atapungukiwa nini?"

Nikatembea hatua sita nikamwambia Baba. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kusikia, aliinamisha kichwa kana kwamba habari ndiyo kwanza inamfikia, akanituma nimwambie Bibi kwamba wazo lake limepokelewa kwa heshima.

Mama alitaka akatwe. Mimi nilitaka apone bila kukatwa, nikaambiwa njia hiyo haimo. Baba akafunga kikao kwa uamuzi ambao haukupendekezwa na mjumbe yeyote: kumkata mbwa mguu ni ukatili, mbwa si mtu wa kupewa magongo, Bwana Chilumba aje na sindano siku ya Jumatano. Aliongea kama anasoma tangazo. Mimi nililia. Meneja, aliyekuwa amelalia kiatu cha Baba muda wote wa kikao, alipiga miayo.

Siku zile nilifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyenituma. Nilidhani kama Bwana Chilumba akimkuta mbwa ana afya, atarudi na sindano yake. Basi nikamsafisha Meneja macho, nikampaka mafuta ya nazi mwili mzima mpaka akang'aa kama kiatu cha Jumapili, nikamfundisha kusimama bila kuuinua mguu mbovu kwa kumwonyesha kipande cha mhogo. Matokeo yake ni kwamba nzi wote wa Rasbura walimfuata.

Jumatano Baba aliagiza achinjwe jogoo, ili Meneja ale vizuri kabla ya safari. Sisi jogoo tulikuwa tukimwonja Krismasi. Meneja alikula paja, akala shingo, akalamba sufuria, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwezi mzima: akaikimbiza pikipiki ya Bwana Chilumba hatua kama nne, kwa miguu mitatu. Baba akatoka nje mbio. Akamwambia bwana mifugo kwamba, kama anavyojionea, mgonjwa amepata nafuu, na isingekuwa busara kumkatisha mtu katikati ya nafuu. Alisema "mtu". Mama na mimi tukatazamana.

Mara ya pili ilikuwa Ijumaa. Baba alisema Ijumaa haifai, kwa heshima ya majirani zetu Waislamu. Mzee Gulamu, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akisikia yote, alijibu kwa upole kwamba majirani hawana neno. Baba akasema hata hivyo. Mara ya tatu Baba mwenyewe alikutwa kitandani, amejifunika blanketi saa sita mchana ya Novemba, anasema ana homa. Mama alikwenda akachukua kipimajoto cha zahanati, akamwekea kwapani, akasubiri amesimama, akakisoma.

"Huna homa, Baba Felista," alisema. Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Usiku halali yule mbwa. Anazunguka zunguka anatafuta pa kuuweka ule mguu. Sindano hutaki, kisu hutaki. Basi na sisi tunamkata hivihivi, kidogo kidogo."

Nilikuwa mlangoni. Baba akasema tu, "Mwambie Chilumba aje akate."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo Baba akachukua bisibisi akaung'oa mlango wa jikoni. Mzee Gulamu alitoa kreti za soda za kuulaza, na barafu kwenye ndoo, ambavyo alivivusha barabara mwenyewe na kuviweka kwenye kizingiti cha geti. Bibi alichemsha vyombo kwenye moto wa vifuu. Mama alipaka spiriti kila kitu kilichokaa karibu, pamoja na mimi. Meneja alichomwa sindano ya usingizi, akanitazama kama anayetaka kuuliza swali, akalala.

Hapo Bwana Chilumba akatueleza, kwa unyenyekevu, kwamba mguu wa mbwa atakuwa anaukata kwa mara ya kwanza, ila amepanga vizuri: mwalimu wake wa zamani, aliyeko Morogoro, atamwelekeza kwa simu. Simu ikawekwa sauti kubwa na kuegemezwa kwenye kopo la chumvi. Haikushika mtandao. Tulijaribu kwenye ukuta, tukajaribu kwenye karo la kuoshea vyombo, na mwishowe ikashika chini ya mpapai kwenye kona ya uwanja. Basi tukaubeba mlango, mgonjwa akiwa juu yake anakoroma, tukaupeleka kwenye mtandao.

Kazi zikagawanywa. Mimi kushika tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mama kupokeza vyombo. Baba kuyashika mabega ya mbwa. Na kwa kuwa mikono haikutosha, mila zikawekwa kando kwa siku moja: Bibi aliletewa kigoda, akakaa upande wa pili wa mlango kushika makalio ya mbwa, uso wake ameugeuza asimtazame mkwe wake, na mkwe naye kaugeuza wake.

Sauti ya Morogoro ilikuwa tulivu na ya kizee. Ilisema kata hapa, vuta ngozi, sogeza nyama, na Bwana Chilumba akafuata kama mtoto anayeandika imla. Kisha ikasema, "Sasa hapo unapofika uwe mwangalifu sana, maana chini yake utakutana na," ikakata.

Tulisubiri. Bwana Chilumba aliitikisa simu kwa kiwiko. Jasho lilimwingia kwenye miwani. Damu ilianza kuchuruzika, si kidogo kidogo tena. Mama akaweka sinia chini.

"Kamata pale," alisema. "Huo ni mshipa. Mshipa wa mbwa na wa binadamu yote inavuja damu ileile. Kamata, mimi nafunga."

Akafunga. Akafunga na wa pili. Bwana Chilumba aliendelea, sasa akimtazama Mama kila hatua, na Mama akitikisa kichwa juu na chini. Ulipofika wakati wa mfupa, ambao sitausimulia, nilisikia upande wa kulia kitu kama gunia linaloteleza. Baba alikuwa amezimia. Angeweza kuanguka nyuma kwenye nyasi, au pembeni kwenye ndoo ya barafu. Alianguka kwa mzunguko mrefu, akizunguka kichwa cha mlango, na kichwa chake kikatua mapajani mwa mama mkwe wake.

Tangu dunia iumbwe, kwa mujibu wa Bibi, jambo hilo halikuwahi kutokea katika ukoo wao. Lakini siku ile hakupiga kelele wala hakumwachia mbwa. Alitazama mbele, kwenye ukuta, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Mkwe kaniangukia." Kisha akaniambia, "Felista, mtoe baba yako hapa. Mimi mikono yangu ina kazi."

Nilimvuta kwa miguu mpaka kivulini. Alipozinduka na kuelewa alipokuwa ameangukia, alitamani kuzimia tena. Kwa wiki mbili alitoka nyumbani kwa kuruka ukuta wa nyuma ili asikutane na Bibi barazani.

Mguu ukabaki kwenye beseni. Bwana Chilumba alidhani utatupwa. Bibi alikataa katakata, akasema kiungo ni kiungo, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, na mimi nikachimba shimo chini ya mpapai. Tulizika saa nane mchana. Mtu fulani akapita, akauliza, akajibiwa tumezika mguu, na habari ikaondoka pale ikiwa hivyo hivyo, bila jina la mwenye mguu. Saa kumi, akina mama watano wa jumuiya yetu waliingia uani wamejitanda khanga, mmoja kabeba uji wa mgonjwa kwenye chupa ya chai, wanampa Bibi pole kwa kukatwa mguu. Bibi alizipokea pole zile kwa utulivu, nadhani alizifurahia, halafu akanyanyua khanga kidogo akawaonyesha miguu yake yote miwili. Walihisi wamedhulumiwa. Uji tuliunywa wote, Meneja akapewa makombo kwa kijiko.

Siku ya tano alisimama, akaanguka, akasimama. Siku ya nane alivuka barabara. Baba alitangulia katikati ya lami amenyoosha mikono yote miwili, akisimamisha bodaboda na lori la chumvi, na Meneja akapita nyuma yake akirukaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Mzee Gulamu alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wateja wakubwa, akasimama umbali wake.

"Karibu kazini, Meneja," alisema.

Mlango wa jikoni Bibi hakutaka urudishwe. Alisema hawezi kufungia chakula kwa mlango uliolaliwa na maiti ya mguu. Tulipika bila mlango mpaka Pasaka.

Tulikuwa naye mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ningependa kuishia hapo. Lakini ikaja mvua nyingine, naye akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mzee, na mbavu zikaonekana. Bwana Chilumba alikuja, akaazima kipimo cha Mama cha kusikilizia kifua, akasikiliza, akampa Baba naye asikilize. Alisema ugonjwa umehamia kwenye mapafu. Kulikuwa na sindano za kuagiza Dar es Salaam, za kumsogeza mwezi au miwili, ila zenyewe zingemtapisha na kumdhoofisha. Niliposikia hivyo nikaenda kupanga viti uani kwa ajili ya kikao. Baba aliniambia nivirudishe. Akamgeukia Bwana Chilumba akasema, "Kesho asubuhi."

Nilimkumbusha jogoo. Nilimkumbusha Ijumaa. Nilimwambia tuagize zile sindano, tuubebe mlango, nitashika tochi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nikalale, kesho ni shule.

Nilikwenda shule. Yaliyotokea niliyapata baadaye kwa Bibi. Baba hakwenda kazini. Alimbeba Meneja akamvusha barabara, akaketi naye kwenye ngazi ya duka, kichwa cha mbwa kikiwa juu ya kiatu chake, kwa muda wa saa nzima. Mzee Gulamu alifunga mlango wa duka, akawaambia wateja kwamba leo anapanga makabati. Bwana Chilumba aliiacha pikipiki mbali akaja kwa miguu, kwa sababu Meneja hakuipenda sauti yake. Ilikuwa haraka, Bibi alisema, na safari hii mkwe wake hakuzimia. Alishika mabega mpaka mwisho.

Mimi niliporudi nilikuta udongo mbichi. Sikulia. Niliacha kumwamkia Baba. Ninyi mnaojua malezi ya kwetu mnajua uzito wake: mtoto wa miaka kumi na moja anapishana na baba yake asubuhi na jioni bila shikamoo. Mama alitaka kunichapa. Baba akamkataza. "Mwache," alisema, na kila jioni alipoingia alisimama kidogo mlangoni, akakohoa, akasubiri kidogo, akapita.

Siku ya saba shule ilitaka sahihi ya mzazi kwenye daftari. Nikamfuata barazani, nikalishika daftari mbele kama ngao, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba kabla neno halijaisha kunitoka, akauliza kalamu iko wapi.

Kwa miaka mingi niliamini nilikuwa na baba wawili: yule mwema aliyesingizia homa ili mbwa asife, na yule mgumu wa "kesho asubuhi". Ilinichukua kuwa mtu mzima, na kukaa mara moja au mbili mbele ya daktari anayesema njia ni tatu, ndipo nikamwelewa. Siku za jogoo na Ijumaa na blanketi zilikuwa za Baba mwenyewe. Aliyezilipia ni mbwa, usiku kucha, akitafuta pa kuuweka mguu. Ugonjwa uliporudi, Baba alilipa mwenyewe. Na mimi, ambaye nilikuwa namwadhibu kwa siku saba, kumbe alikuwa amenikubalia tu. Mtoto aliyefiwa anataka mtu wa kumnunia, na ugonjwa hauna uso. Akanipa wake.